Hii Si Yako

Mwalimu wa Kiswahili aliitwa Mwalimu Nukta, kwa sababu kila nukta iliyosahauliwa aliikatia alama, na katika hilo hakujua mdogo wala mkubwa. Siku hiyo aliingia Kidato cha Kwanza B, akaandika maneno matatu ubaoni, akapangusa chaki mikononi na kugeuka.

Siku niliyojiona mtu.

"Kumbukumbu yako mwenyewe," akasema. "Si ya jirani, si ya kitabuni. Siku moja uliyosimama ukajiona na wewe ni mtu kati ya watu. Kurasa mbili, kesho asubuhi. Na nukta."

"Mwalimu," ikauliza sauti kutoka nyuma, "na kama mtu bado hajajiona mtu?"

"Aandike siku aliyojiona mbuzi. Lakini aweke nukta."

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyebaki kimya ni msichana wa dawati la mwisho, lile lililobanwa na ukuta. Jina lake la kwenye orodha lilikuwa zuri tu, lakini nyumbani na shuleni walimwita Shoto, maana alitumia mkono wa kushoto. Mkono huo ulikuwa ukipita juu ya maneno yake kabla wino haujakauka, kwa hiyo kila jioni alirudi nyumbani ubavu wa kiganja ukiwa wa buluu, na madaftari yake yakionekana kama yamenyeshewa.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akiitwa aseme jambo lake mwenyewe, kichwani ilitangulia kumbukumbu moja, kama nguo iliyo juu kabisa kwenye sanduku. Hata ukitafuta nyingine, mkono unagusa hiyo kwanza.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, lenye vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia iliyolainika kwa miaka, na pasi nzito iliyounguza kona moja ya meza ikaacha alama kama unyayo. Baba hakuwa msemaji. Tena hata angetaka kusema asingeweza sana, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa na pini midomoni. Akikuambia neno, alilisema kwa upande wa mdomo, fupi, lisije likatoka na pini.

Shoto alipokuwa na miaka kumi na mmoja, siku moja duka likiwa na wateja, alipanda kwenye kigoda, akachukua makasi kubwa ya baba na kuanza kukata kipande cha kitambaa kilichokwisha chorwa chaki. Alitaka baba amwone. Alikuwa amemtazama dada yake akikata mara mia. Lakini makasi haikukata. Ilitafuna. Kitambaa kilijikunja katikati ya meno yake kama ulimi, akakaza, kikazidi kujikunja, mpaka mstari wa chaki ukawa huku na mkato ukawa kule. Baba akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, pini tano midomoni, akasema:

"Weka chini. Hii si yako."

Wateja wakacheka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe akasema, "Kila mtu na riziki yake, mwanangu," na wakacheka tena. Shoto akaiweka makasi chini, akashuka kwenye kigoda, na tangu hapo hakuigusa tena. Si yako. Kazi si yako, duka si lako, na kwa hesabu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, baba naye si wako. Darasani mwalimu alipouliza swali na jibu likawepo kabisa mdomoni, mkono wa kushoto ulianza kupanda, ukafika usawa wa sikio, kisha sentensi ile ikauteremsha. Weka chini.

Sasa baba alikuwa amefariki, mwezi wa kumi na nne ulikuwa unakwisha, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza alimaanisha nini.

*

Ila dada yake alikuwa na kumbukumbu za kumwaga.

Dada alikuwa na miaka kumi na sita, Kidato cha Tatu shule hiyohiyo, kiranja wa taaluma, na jina lake la nyumbani lilikuwa Mkono. Jina lenyewe lilikuwa na hadithi, na hadithi hiyo Shoto aliijua kama mtu anavyojua meno ya mwenzake anayekula naye kila siku. Ilisimuliwa wakati wa chakula cha jioni, ilisimuliwa kwa wageni, ilisimuliwa mvua ikinyesha na wateja wakiwa hawana pa kwenda. Mama ndiye aliyekuwa akiiomba. "Hebu Mkono, ile ya majoho."

Basi Mkono ataweka kijiko chini na kuanza. Kwamba kulikuwa na majoho ishirini na manne ya kwaya, yanatakiwa jioni, na umeme ukakatika saa tatu asubuhi. Kwamba baba alisema hakuna kungoja umeme, mapindo yatashonwa kwa mkono, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na tundu la sindano akawa halioni. Kwamba yeye, Mkono, akiwa na miaka tisa tu, alichukua sindano zote za duka akazitia uzi moja baada ya moja, akazichomeka kwenye mto wa pini kama askari waliopanga mstari, baba akawa anachomoa tu na kushona, anachomoa na kushona, mpaka saa kumi. Kwamba kiongozi wa kwaya alipofika akakuta majoho yote yananing'inia, akauliza, "Fundi, umetumia jini gani?" Na hapo, Mkono atatulia kidogo, maana anajua mama anangoja hapo. Baba akatoa pini zote midomoni, akaziweka mezani, akamshika Mkono bega na kusema:

"Huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Siku mimi sipo, duka lina mtu."

Mama atafuta macho kwa ncha ya kanga. Mkono atainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao Shoto aliuona umepigwa pasi. Na Shoto atatazama sahani yake, moyo ukimuwasha kana kwamba kuna mtu anaukuna kwa ukucha.

Lililomuuma zaidi halikuwa hata ule mkono wa kulia. Ni zile pini. Kwa Mkono, baba alizitoa. Kwake yeye alisema nazo mdomoni.

Aliona wivu kwa vitu ambavyo mtu mwingine asingeviona. Namna Mkono alivyovaa futi shingoni kama baba, ncha moja ndefu na nyingine fupi. Wateja walioingia na kuuliza, "Mkono yupo?" hata kabla ya salamu. Mama alivyomtazama Mkono mgongoni akiwa ameinama mezani, akamtazama muda mrefu kuliko unaohitajika kumtazama mtoto, kwa sababu kuna mwingine alikuwa akimwona mle. Kumgombania mtu aliye hai inawezekana. Utamletea maji, utafaulu mtihani, utaugua hata homa ya uongo. Marehemu amekwisha gawa alichogawa. Aliyepata amepata.

Jioni ile ya insha, Shoto alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na daftari magotini. Aliandika, "Siku niliyojiona mtu ilikuwa," akakwama. Kutoka chumba cha mbele alisikia cherehani cha mama, na sauti ya Mkono akimwambia mteja, "Shusha mabega, mama, usijikaze, sikupimi homa." Mteja akacheka. Dada alikuwa na mzaha hata kwenye futi.

Shoto akaandika: "Ilikuwa siku ya majoho ishirini na manne."

Aliandika bila kusimama. Akatia uzi sindano zote. Akazipanga kwenye mto. Aliandika jinsi uzi unavyolowana mtu akiulamba na jinsi ladha yake ilivyo ya vumbi na sabuni, jambo ambalo Mkono hakuwahi kulisimulia. Akamtoa baba pini midomoni moja baada ya nyingine, akazihesabu, zikawa saba, akamfanya amguse bega. Alipofika kwenye maneno ya baba aliyaandika yote.

*

Alipata kumi na nane kwa ishirini. Mbili zilizopotea zilikuwa nukta.

Mwalimu Nukta alisimama mbele ya dawati la mwisho, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani asichokitarajia. "Wewe ulikuwa umejificha wapi?" Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, na alipofika kwenye pini saba darasa lilikuwa kimya, hata yule wa mbuzi.

Sasa hapa ndipo penye ajabu. Kitu cha wizi kilimkaa kuliko vyake vyote. Wiki ile Shoto alinyoosha mkono kwenye hisabati na jibu likawa sahihi. Akanyoosha tena kesho yake, likawa si sahihi, na bado hakufa. Mwalimu wa jiografia alimwita ubaoni na akaenda. Alikuwa akitembea uwanjani na mabega yake yamekaa mahali pake, kwa sababu bega moja lilikuwa limeguswa. Usingizi ulipomchukua mchana wa Jumamosi aliota kabisa sindano zile, na alipoamka ilimchukua muda kukumbuka kwamba siku ya majoho yeye alikuwa na miaka sita, na kwamba alishinda nyumba ya jirani, akiwekwa mbali asije akakanyaga vitambaa.

Wiki ya pili Mwalimu Nukta alitangaza kwamba Siku ya Wazazi, Jumamosi ijayo, insha ya Shoto itasomwa mbele ya wote. Itasomwa na mwenyewe.

"Mzazi wako atakuja?"

"Mama atakuja, mwalimu."

"Vizuri. Marehemu naye atafurahi."

Shoto akasema, "Ndiyo, mwalimu," akainama chini ya dawati kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Nyumbani alimwambia mama kwamba atasoma insha, hakumwambia ya nini. Mama aliacha cherehani kikizunguka chenyewe. "Wewe? Mbele ya watu?" Akainuka akamkumbatia, uzi ukiwa bado umemning'inia begani. "Nitavaa lile gauni langu la kijivu." Mkono alikuwa akipima mteja. Aligeuka, akatabasamu na kusema, "Hongera, Shoto," na Shoto akaona, au alidhani ameona, kwamba tabasamu lile lilikuwa limebana kidogo kwenye kwapa.

*

Ratiba ya Siku ya Wazazi huchapwa na kiranja wa taaluma. Hilo Shoto alikuwa amelisahau kabisa.

Jumanne alasiri aliporudi kutoka shuleni alimkuta Mkono peke yake kwenye meza ya kukatia, pasi mkononi. Mama alikuwa ameenda kununua bitana. Mlangoni, mahali penye mwanga, alikaa Fundi Vifungo, mzee aliyefanya kazi na baba tangu dada hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa vifungo na mapindo, na masikio yake yalikuwa mazuri kuliko alivyopenda watu wajue.

"Shoto, njoo."

"Nakuja."

"Si 'nakuja'. Njoo."

Mkono alisimamisha pasi, akasukuma karatasi mezani. "Namba saba. Nisomee."

Shoto akasoma kwa sauti ndogo. "'Mkono wa Kulia wa Baba. Insha. Kidato cha Kwanza B.'"

"Mkono wa kulia wa baba ni nani?"

Shoto akairudisha karatasi mezani.

"Nakuuliza wewe, bibi mwandishi. Wewe mkono wako wa kulia hata kijiko haujui kushika! Nimemwomba mwalimu insha nikaisoma yote. Sindano zangu. Majoho yangu. Mpaka bega langu umechukua!"

"Nimechukua moja tu," Shoto akasema. "Wewe unazo nyingi."

"Moja tu! Kama pipi! Kumbukumbu ya mtu inachukuliwa?"

"Wewe kila jioni, baba alisema hivi, baba alinipa vile, na mama anakulilia hapo. Mimi nakaa pale kama mgeni kwenye msiba wa watu. Alikuwa na baba yangu pia!" Alitaka kusema alikuwa baba yangu pia, lakini maneno yalimtoka yamepinda, na hakuna aliyecheka.

"Basi na wewe ungesema zako. Nani amekuziba mdomo?"

"Zangu?" Sauti ya Shoto ilipanda mpaka Fundi Vifungo akaacha kuvuta uzi. "Unataka yangu? Yangu iko moja. Nilipanda kwenye kile kigoda, nikashika makasi ili anione, akaniambia mbele ya watu, weka chini, hii si yako. Basi. Hiyo ndiyo baba aliyoniachia. Niiandike hiyo? Siku niliyojiona mtu?"

Uso wa Mkono ulikuwa umebadilika, lakini si kwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia mlango aliodhani ameufunga ukifunguka.

Mlangoni Fundi Vifungo alitoa uzi mdomoni. "Kitu gani si yako?" akauliza.

"Kazi, babu. Kazi hii."

"Alisema kazi?"

"Alisema hii."

Mzee akaweka shati magotini. "Mtoto wewe," akasema polepole. "Makasi. Alisema makasi. Makasi hii si yako. Na kweli si yako, ile ni ya watu wa mkono wa kulia. Mtu wa shoto akiishika, meno yanaachana, inatafuna kitambaa. Hata mimi ukinipa ya shoto nitatafuna. Ungekuja kuniuliza siku ileile ningekuambia. Wateja walipotoka aliniambia, huyu mtoto macho yake yalikuwa palepale kwenye chaki, tatizo ni chuma. Akamwagiza yule muuza vipuri vya vyerehani amtafutie makasi ya shoto. Yule bwana akamcheka. Kila akija, baba yako anamuuliza, ipo? Haipo. Ipo? Haipo. Mwaka mzima."

"Na haikuja," Shoto akasema.

Fundi Vifungo alikuwa akimtazama Mkono. "Ilikuja," akasema. "Wiki mbili baada ya mazishi. Niliipokea mimi. Nikampa dada yako akupe. Nilipoona hukati, nikadhani umeikataa kwa uchungu, nikasema nisikuguse kidonda."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke yenyewe. Mkono aliichomoa kwenye umeme, akainama chini ya meza, akavuta droo ya mabaki ya vitambaa na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha bitana nyeupe. Hakukitoa kwa haraka. Akakiweka mezani.

Ilikuwa makasi nyeusi yenye mipini mikubwa, na ukiitazama ilikuwa kama ya baba iliyotazamwa kwenye kioo.

"Nilitaka kukupa siku ileile," Mkono akasema. "Nikaifungua nione. Nikaiona ilivyo." Akaisogeza bitana kando. "Mimi tangu nina miaka saba nakata kwa makasi yake. Natia uzi sindano zake. Nakaa kwenye kiti chake. Hakuna siku aliyonitafutia kitu, Shoto. Hata sindano. Alinipa sifa. Sifa haina mpini. Wewe hujafanya hata siku moja ya kazi, amekutafutia mwaka mzima, anachekwa na watu. Nikasema, ngoja kwanza. Nikaja nikasema ngoja tena."

"Miezi kumi na minne."

"Najua ni mingapi."

Shoto alitegemea moyo wake utafurahi. Haukufurahi. Kwanza ulifanya ulichozoea. Uliona wivu kwa ile miezi, kwa jinsi Mkono alivyokuwa akifungua droo ile peke yake na kuitazama makasi na kuirudisha, akimfahamu baba kwa njia nyingine tena ambayo Shoto hakuijua. Akamtazama dada yake aliyeinamisha kichwa, na safari hii unyenyekevu haukuwa umepigwa pasi, ulikuwa na mikunjo yote. Akatambua kitu kilichomkera na kumtuliza kwa pamoja. Alikuwa anaijua sura ile. Ni ya kwake mwenyewe, mezani, kila jioni.

"Mwizi," akasema.

"Na wewe mwizi," Mkono akajibu.

"Nyote wezi," Fundi Vifungo akasema na kurudisha uzi mdomoni, "na shati la watu halijaisha."

*

Jumatano asubuhi kabla ya kengele Shoto alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Nukta na kumwambia yote, kuanzia majoho hadi droo. Mwalimu alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akafuta ile kumi na nane, mistari miwili, na kuandika sifuri.

"Kwenye ratiba nako nitakutoa. Nafasi yako atasoma mtu wa A."

"Ndiyo, mwalimu."

"Inauma?"

"Inauma, mwalimu."

"Vizuri." Akafunika kalamu. Kisha akavua miwani na kumtazama muda kidogo. "Kila siku nawapigia kelele humu ndani. Mkasi, si makasi. Mkasi huu, mkasi wangu. Mnacheka. Baba yako, Mungu amrehemu, angesema 'huu si wako', ungejua palepale kwamba anasema chuma. Kazi haiwi 'huu'. Usingeumia miaka miwili kwa upatanisho wa sarufi."

Shoto hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mwalimu naye alionekana hajui.

"Jumatatu niletee nyingine. Yako."

Kumwambia mama ilikuwa ngumu zaidi. Alimwambia jioni ileile, dada akiwa amesimama kando, na dada naye akasema ya kwake. Mama hakupiga kelele. Aliitazama makasi, akaipapasa mpini kwa kidole gumba pale ambapo kidole cha mtu kingekaa, akasema tu, "Hakuniambia. Hata mimi." Shoto akaona kwamba kumbe hata mama alikuwa na droo ambazo baba hakumfungulia. Baada ya muda mama akasema, "Na gauni nimekwisha lipiga pasi."

Alilivaa vilevile. Jumamosi walikaa watatu kwenye benchi la wazazi, na namba saba ilipofika, msichana wa Kidato cha Kwanza A alisimama akasoma kuhusu siku aliyowashinda wavulana kukimbia. Alisoma vizuri. Watu walipiga makofi, mama wa msichana huyo akasimama kabisa. Shoto alipiga makofi, akisikia bado kila neno alilopaswa kuwa analisema yeye. Mama alimshika goti, hakumwangalia.

Insha mpya aliiandika Jumapili asubuhi. Ilikuwa na kigoda, na mama wa riziki, na wateja waliocheka, na makasi iliyotafuna kitambaa. Kurasa mbili zilizojaa wino uliopakaa. Alipata kumi na tatu. Chini yake Mwalimu Nukta aliandika: "Hii ni yako. Nukta nne hazipo." Na darasani mkono wake wa kushoto uliendelea kupanda, si mara nyingi kama zile wiki mbili za wizi, lakini ukipanda haukuishia sikioni.

*

Jumapili hiyohiyo mchana, mama alitandika mezani kitambaa cha sare, akachora kwa chaki na kusema, "Haya, fundi wa shoto. Tuone alichokitafuta mwaka mzima."

Mkono akashika ncha ya pili ya kitambaa kisisogee. Shoto alikuwa ameweka pini tatu midomoni, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuziweka. Akaingiza vidole. Chuma kilikuwa baridi na mpini ulikaa pale kiganja kilipokuwa kikiungoja. Akafunga makasi, ikakata. Haikutafuna, haikukunja. Mstari wa chaki ulikuwa mbele ya macho yake wote, haukufichwa na kitu, akaufuata kutoka ukingo mpaka ukingo, na kitambaa kikaachana kwa sauti ile aliyoisikia maisha yake yote kutoka kwa mikono ya wengine.

Mama aligeukia cherehani, akakaa akiwa amewapa mgongo, hakushona.

Mkono alikuwa akiitazama makasi. Shoto aliliona lile jicho, maana alilijua tangu zamani, na alijua linavyowasha.

"Nijaribu," Mkono akasema.

Shoto akampa. Mkono aliishika kwa mkono wake wa kulia, ule wenye jina, akaiweka kwenye mstari unaofuata na kufunga. Kitambaa kikajikunja katikati ya meno. Akakaza. Kikazidi kujikunja, na mkato ukaenda kando ya chaki kama mlevi anayetafuta mlango. Na huyu ni Mkono, aliyekwisha kata sare za shule nzima.

Shoto akatoa pini midomoni, moja, ya pili, ya tatu, akaziweka mezani.

"Weka chini," akamwambia dada yake. "Hii si yako."